Habari za Kahawa, Tangu Kitaluni Hata Kikombeni
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Tunduma)



Tulipoulizwa tutasema habari gani, wengine walidhani tutasema juu ya mishahara au nyumba za watumishi, maana hayo ndiyo yaliyozoeleka katika mikutano yetu. Lakini tumechagua kahawa. Sababu ni hii: sisi makarani twaandika kila siku habari za mali ya watu wengine, na katika Mkoa huu wa Songwe, hasa Mbozi na Ileje, mkulima hutegemea kahawa apate fedha. Walakini tukiulizwa jinsi kahawa itokavyo mtini hata ikafika kikombeni, wengi wetu hatuna jibu. Twajua kuhesabu magunia. Kilichomo ndani ya gunia hatukijui. Tena, mwishoni tuna neno moja lisilopendeza masikioni, wala sisi wenyewe halitupendezi. Twaomba mtuvumilie hata tulifikie.

Kahawa ilimwayo Mbozi ni ya aina ya Arabika, na asili yake ni misitu ya Ethiopia. Kutoka huko ilivuka bahari hata Yemen, ambako katika karne ya 15 masufii waliinywa ili wapate kukesha katika ibada. Maneno yetu mawili, kahawa na buni, tuliyapokea kutoka kwa Waarabu pamoja na kinywaji chenyewe. Katika karne ya 18 Wafaransa walichukua mbegu za Yemen wakazipanda katika kisiwa cha Bourbon, ambacho siku hizi huitwa Réunion. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, ndio walioipanda Arabika huku kwetu, na kabla ya karne ile kwisha ilikuwa imefika Kilema, katika Kilimanjaro. Huku Mbozi ilienea katika mashamba ya wazungu kati ya vile vita viwili vikuu, kisha Wanyiha wakaichukua wakaifanya yao. Lakini mtu asidhani kwamba kahawa yote ililetwa na wageni. Wahaya wa Bukoba walikuwa nayo Robusta kabla hawajamwona Mzungu, nao hawakuinywa, bali waliitafuna. Habari hiyo tutairudia.

Sasa tuingie shambani. Mbegu huoteshwa kitaluni chini ya kivuli, na mche hukaa huko miezi mingi, ukimwagiliwa maji na kuchaguliwa. Mvua zikishika, hupandwa shambani. Kwa desturi ya zamani nafasi kati ya mbuni na mbuni ni kama futi 9 kila upande, nayo hekta moja huingia mibuni 1,330 hivi. Mibuni mipya mifupi huweza kusongamana zaidi. Baada ya hapo mkulima hungoja kama miaka mitatu kabla hajaona mavuno ya kwanza. Katika miaka hiyo hapumziki: hupalilia, hutandaza majani makavu kuzuia unyevu usipotee, hupogoa matawi, na aghalabu hupanda migomba katikati ili mibuni ipate kivuli na watoto wapate chakula.

Adui zake ni wengi, na wawili ndio wakubwa. Wa kwanza ni chulebuni, ukungu unaoshika buni ingali mbichi ukaiozesha. Wa pili ni kutu ya majani, ambayo huyapukutisha majani hata mti ukabaki fimbo. Mkulima wa zamani alipiga dawa mara kwa mara, na dawa ilikula faida yake. Siku hizi Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, ambayo makao yake ni Lyamungu na ambayo ina kituo hapa petu Mbimba, imetoa aina mpya zinazostahimili maradhi hayo mawili. Mwenzetu mwenye shamba nyumbani ambaye hajafika Mbimba kuuliza habari za miche hiyo anajipunja mwenyewe.

Mvua za kwanza zikinyesha, mbuni huchanua maua meupe yenye harufu kama asumini. Maua hayo hayakai ila siku chache. Toka ua hata buni iive ni miezi minane au tisa, na kwa hiyo huku kwetu kahawa huchumwa wakati wa kiangazi. Twaomba mkumbuke hesabu hiyo ya miezi tisa, maana ndiyo nguzo ya maneno yetu yote. Na buni haziivi siku moja. Katika tawi moja utaona nyekundu, njano na kijani zimekaa pamoja. Mchumaji mwema huchuma nyekundu peke yake, akarudi baada ya wiki moja au mbili, akarudi tena. Wahenga waliposema kwamba mvumilivu hula mbivu hawakuwa na habari ya mnada wa kahawa, lakini hakuna sheria ya mnada iliyo bora kuliko hiyo. Buni mbichi ikichanganyika na mbivu huharibu ladha ya zote, na mwonjaji huitambua ulimini, hata gunia liwe zuri namna gani.

Kahawa iliyochumwa leo yapasa imenywe leo, kabla haijaanza kuchacha yenyewe. Kwanza hutiwa majini: zielewazo ni nyepesi, hutengwa, zizamazo ndizo njema. Mashine huondoa ganda jekundu, nazo punje mbili zilizomo ndani hutoka zikiwa na ute mtamu wenye kunata. Huvundikwa siku moja au mbili, kwa kadiri ya baridi ya mahali, hata ute ulegee. Mkulima hujuaje kwamba wakati umetimia? Hutia mkono akazisugua: zikikwaruza kama changarawe, tayari, zikiteleza, bado. Akiziosha mapema, ute hubaki, akichelewa, zinanuka. Kisha huzianika juu ya vichanja vya waya, akizigeuza mara kwa mara na kuzifunika wakati wa jua kali na wakati wa usiku. Kazi hiyo huchukua wiki moja na nusu hata mbili, mpaka unyevu, uliokuwa kama nusu ya uzito, ushuke kufikia sehemu 11 au 12 katika mia. Baadaye kiwanda hukoboa lile ganda jembamba la mwisho na kuzipanga punje kwa ukubwa wake, AA, A, B na kadhalika. Kilo sita hivi za kahawa mbivu hutoa kilo moja tu ya kahawa safi. Karani aonaye gunia moja na akumbuke vikapu vilivyoishia humo.

Na sasa kikombe. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika nyumba nyingi zilizozungukwa na mibuni mgeni hupewa chai. Kuitayarisha kahawa si kazi ngumu. Chukua punje safi, uzikaange katika chungu au kikaango kizito, ukikoroga bila kupumzika, hata zilie kama mahindi ya bisi na kugeuka rangi ya chokoleti. Zikiwa nyeusi kama makaa umechelewa. Ziache zipoe, kisha utwange kinuni. Vijiko viwili vya chakula kwa kikombe, na maji yaliyochemka kisha yakatulia kidogo. Watu wa pwani huichemsha katika dele juu ya makaa, wakitia tangawizi au iliki, na kuinywa bila sukari katika vikombe vidogo, kashata ikiwa kando. Kwa kuichuja kwa karatasi utapata faida nyingine, maana kahawa iliyochemshwa bila kuchujwa ina mafuta yake yanayoongeza lehemu katika damu. Mwenye kuinywa kwa wingi kila siku yafaa aichuje.

Kahawa hufanya nini mwilini? Kazi yake kubwa ni ya kitu kiitwacho kafeini. Tangu tuamkapo, katika ubongo hujikusanya kitu kingine, jina lake adenosini, ambacho kazi yake ni kuuarifu mwili kwamba umechoka. Kafeini huja ikaketi katika kiti cha adenosini. Basi barua za uchovu huendelea kufika ofisini, lakini aliyeketi pale si karani mwenyewe, naye hazifungui. Barua zenyewe hazikupotea, zinangoja mezani. Kafeini ikiondoka, zote husomwa kwa mara moja. Ndiyo sababu twasema kwamba kahawa haimpi mtu nguvu mpya. Humkopesha nguvu ya kesho, naye hana budi kuilipa kwa usingizi.

Katika watu wengi nusu ya kafeini huwa ingali mwilini baada ya saa tano hivi. Karani anywaye kikombe saa kumi na moja jioni ana nusu ya kikombe kile kichwani saa nne usiku, kisha hushangaa mbona hapati usingizi. Madereva wa malori yaendayo Zambia na Kongo, ambao huketi hapa mpakani wakingoja karatasi zao, na wakumbuke hayo pia: kahawa huweza kuyafumbua macho, lakini haiwezi kuwa badala ya kulala. Mabingwa wa Ulaya mwaka 2015 walikadiria kwamba mtu mzima mwenye afya haidhuriki na miligramu 400 za kafeini kwa siku, yaani vikombe vinne hivi, na mama mjamzito asizidishe 200. Mwenye upungufu wa damu asiinywe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Mwenye kuizoea sana akiiacha ghafula ataumwa na kichwa siku kadhaa. Mwisho, wale waliokuwa wakiogopa saratani na wajue kwamba mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiondoa kahawa katika orodha ya vitu vinavyoshukiwa. Lakini lilionya juu ya kinywaji chochote kinywewacho kikiwa cha moto mno, kupita digrii 65. Hata kikombeni, basi, haraka haifai.

Sasa lile neno tuliloahidi.

Mabwana na mabibi, mkulima hupata fedha zake wakati wa kiangazi, nasi hupata zetu kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa pili, mvua ikinyesha na ghala likiwa tupu, yeye hana kitu, sisi tuna kitu. Hapo ndipo hufanyika ile biashara ambayo Kagera huiita butura, na Mbinga huiita magoma: kuinunua kahawa ingali mtini kwa bei ya mtu mwenye shida. Mwaka 2018 Serikali iliipiga marufuku, na mwaka huohuo ikaagiza kahawa ya wakulima iuzwe kwa njia ya vyama vyao vya ushirika. Hata hivyo biashara ile haikufa, na wanunuzi wake si wageni kutoka mbali. Wengine ni watu wenye mishahara. Hatuwanyoshei wenzetu kidole, kwa maana tuliifanya sisi tunaosema.

Alitujia mzee mmoja wa kijiji cha jirani, mkewe mgonjwa, akasema, “Karani, mwanangu, nisaidie.” Tulimpa fedha kwa ahadi ya madebe kumi, kila debe kwa nusu ya bei, tukajiona watu wema. Kiangazi kilipofika tulimhimiza kwa kuwa nasi tulikuwa na haja zetu. Mzee akachuma mbivu na mbichi pamoja ili alipe upesi. Kahawa ile ilikuwa mbaya, tukapata bei ya chini. Naye, kwa kuchuma mbichi, alipoteza yale mavuno ya pili na ya tatu ambayo yangekuwa chakula chake. Tulipokwenda kumwomba radhi, alituketisha, akatupa chai, akasema, “Mwanangu, deni lililokwisha halina maneno. Lakini mwaka ujao usije kununua maua. Njoo ununue kahawa.”

Kwa hiyo twaleta mbele ya chama hoja tatu. Ya kwanza, mwanachama yeyote asinunue kahawa iliyo mtini, yeye wala mtu wa nyumba yake. Ya pili, mwenye kutaka kumsaidia jirani amkopeshe fedha, arudishiwe fedha ileile, kahawa isihusike. Ya tatu, kila mmoja wetu aliye na kwao Mbozi au Ileje atoe Jumamosi moja katika msimu aende kwenye chama cha ushirika cha kijiji chake, awasomee wazee stakabadhi zao, ahakikishe mizani, apige hesabu ya makato. Kalamu tulipewa na shule, na ada ya shule hizo wengi wetu tulilipiwa kwa kahawa.

Tulisema tutarudia habari ya Wahaya. Zamani, watu wawili waliotaka kuwa ndugu walichukua buni moja, wakaipasua, kila mmoja akapaka punje yake damu yake, kisha wakabadilishana wakazimeza. Hawakutumia tunda jingine, kwa kuwa buni hubeba punje mbili katika ganda moja. Mkulima na karani wa nchi hii wamelelewa katika ganda hilohilo.

Tuko tayari kwa maswali, na baada yake kuna kahawa ya Mbozi mezani, imechujwa. Waliozidi umri wa kukesha na wanywe nusu kikombe.