Hotuba juu ya Mama Aliyejifungua na Utulivu wa Moyo Wake



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo kwa desturi hunong'onwa jikoni, nalo ni majonzi ya mama aliyekwisha kujifungua. Huenda mzee mmoja akauliza, je, mtu aliyejaliwa mtoto ana huzuni gani? Swali hilo ndilo lililotuleta hapa.

Huko tulikotoka mzazi hakuachwa peke yake. Pwani alikaa ndani siku arobaini, akikandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, na mama yake au shangazi akampokea mtoto ili yeye alale. Bara nako kila kabila lilikuwa na njia yake. Watu waliiita mila. Kwa hakika ilikuwa ni tiba pia. Hapa mjini mama hutoka hospitali, tuseme Pumwani iliyofunguliwa mwaka 1926, baada ya siku moja au mbili, akarudi katika chumba chake. Mume yu kazini, na bibi yuko mbali. Wageni huja, ni kweli, lakini huja kumtazama mtoto, na chai wanayokunywa huipika mzazi mwenyewe!

Machozi ya siku za kwanza si ajabu, nayo hukauka kabla ya majuma mawili kwisha. Yakizidi hapo, mama akawa hali, halali hata mtoto alalapo, tena ajiona hafai kitu, basi huo ni ugonjwa uitwao sonona. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba, katika nchi zinazoendelea, maradhi ya akili, na hasa sonona, huwapata karibu mama 20 katika kila 100 waliojifungua. Si uvivu, wala si kukosa shukrani. Jirani zetu wa Buganda waliuita wazimu wa uzazi amakiro, wakasema huletwa na uzinzi wakati wa mimba. Mama akabeba ugonjwa na aibu pamoja. Daktari John Cox, aliyeuchunguza huko katika miaka ya 1970, ndiye aliyetoa pamoja na wenzake, mwaka 1987, yale maswali 10 ya Edinburgh ambayo wauguzi wa nchi nyingi huyatumia hata leo kumwuliza mama hali ya moyo wake.

Sasa twaja kwenye tiba. Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya kazi iliyofanywa vijijini Pakistan. Wanawake waliosoma sekondari, wasio madaktari, walifundishwa namna ya kuwatunza mama wenye sonona, wakawatembelea nyumbani. Miezi sita baada ya watoto kuzaliwa, waliobaki wagonjwa walikuwa 23 katika kila 100. Mama wengine walitembelewa mara zilezile na wanawake wasiopata mafunzo hayo; miongoni mwao walibaki 53. Wazee wetu, tuitafakari tofauti hiyo. Kupiga hodi peke yake hakutoshi. Aliyefundishwa alisikiliza kwanza, akamsaidia mama kulitambua wazo linalomwumiza na kulipima upya, kisha akawashirikisha watu wa nyumbani mwake.

Kwa hiyo twaleta ombi. Chama hiki huchanga kwa mazishi bila kukumbushwa. Twapenda kitabu cha michango kipate na ukurasa wa uzazi. Wachaguliwe mama wawili wa makamo katika kila safu ya nyumba, wafundishwe na muuguzi, kisha wamtembelee mzazi kila juma hadi arobaini itimie. Wasimwambie "jikaze", wala wasiyatoe nje waliyoyasikia. Na waume je? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa baba mwajiriwa majuma mawili ya likizo yenye mshahara. Siku hizo ni za kufua nepi, si za kukaa barazani.

Lakini mzazi akisikia sauti zisizokuwapo, au akinena habari ya kujiua au kumdhuru mtoto, juma lijalo lisingojewe. Apelekwe hospitali siku ileile, ujapokuwa usiku wa manane, wala asiachwe peke yake na mtoto. Nauli ya safari hiyo ndiyo tunayoomba iandikwe kwanza katika ukurasa huo mpya.