Maili, Kilometa na Mwendo wa Mguu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumepewa heshima ya kunena jioni hii juu ya jambo ambalo makarani huliandika kila siku bila kulitazama, nalo ni umbali. Katika hati za safari, katika vitabu vya viwanja, katika maombi ya barabara na zahanati, pana nafasi iliyoachwa kwa ajili yake, nasi hutia humo tarakimu tukaendelea na kazi. Twataka kuuliza: tarakimu ile husema kwa kipimo cha nani?

Wazee wa pwani walipima kwa viungo vya mwili. Dhiraa ni kutoka kiwiko hata ncha ya kidole. Dhiraa mbili ni wari, na wari mbili ni pima, yaani mikono miwili iliyonyoshwa. Tena dhiraa zilikuwa za namna mbili: dhiraa kamili, ifikayo ncha ya kidole, na dhiraa konde, ikomayo kwenye ngumi, na mnunuzi wa nguo asiyeuliza ni dhiraa ipi aliweza kurudi nyumbani na kitambaa pungufu. Lakini safari ndefu haikupimwa kwa mkono. Wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji walihesabu siku na kambi, kwani mwenye mzigo hasumbuliwi na urefu wa nchi peke yake, bali na mlima, na jua, na maji yalipo.

Wafaransa walitaka kipimo kisichokuwa mguu wa mfalme yeyote. Mwaka 1791 wakakata shauri kwamba meta iwe sehemu moja katika milioni kumi ya mwendo kutoka ncha ya kaskazini ya dunia hata ikweta. Na tangu 1792 wataalamu wawili, Delambre na Méchain, wakahangaika miaka mingi kupima nchi baina ya Dunkerque na Barcelona, katikati ya mapinduzi na vita. Karibu dunia yote imewafuata. Walakini Waingereza hata leo huandika maili katika vibao vya njia zao. Petroli huiuza kwa lita, kisha husema gari lao laenda maili ngapi kwa galoni. Waamerika nao wameshika maili. Asemaye kwamba hawa wameikataa meta hakusema kweli yote, kwani kwa mapatano ya 1959 yadi iliwekwa kuwa meta 0.9144 barabara, na kwa hiyo maili ni meta 1,609.344. Maili ya leo ni mtoto wa meta aliyevaa nguo za babu. Na huko Swideni na Norwe watu hunena habari za "mil". Mgeni kutoka London akiambiwa mji uko mil tatu mbele, aweza kufunga viatu aende kwa miguu. Kumbe mil yao ni kilometa 10.

Hayo ni ya kuchekesha, lakini yako yasiyochekesha. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada ilikuwa ikitoka Montreal kwenda Edmonton. Kanada wakati ule ilikuwa ikihama kutoka vipimo vya Kiingereza, na ndege ile, Boeing 767, ilikuwa ya namna mpya iliyohesabiwa kwa kilo. Saa za kuonyesha mafuta zilikuwa zimeharibika, basi hesabu ikafanywa kwa kalamu. Zilitakiwa kilo 22,300; hesabu ikaonyesha 22,300, na kila mtu akaridhika. Kumbe zilikuwa ratili, nayo ratili haifiki nusu ya kilo. Injini zikazimika angani moja baada ya nyingine, na rubani akaiteremsha ndege bila injini hata kiwanja cha zamani cha Gimli. Watu wote 69 walisalimika. Tazameni: tarakimu ilikuwa ile ile iliyotakiwa. Kilichokosewa ni jina linaloifuata.

Huku kwetu vipimo vilikuja pamoja na watawala. Reli ya Uganda, iliyoanzwa Mombasa 1896 na kufika ziwa la Nyanza 1901, ilijengwa na watu wa maili, lakini nafasi baina ya vyuma vyake viwili ilikuwa meta moja, kama njia nyingi za Bara Hindi. Wadachi, walioondoka Dar es Salaam 1905 wakafika Kigoma 1914, walitumia meta moja ile ile. Hivyo maadui wa vita waliachia nchi zetu njia zilizoweza kuungwa. Ndipo ikaja TAZARA, 1970 hata 1975, kwa kipimo cha kusini, milimeta 1,067, yaani futi 3 na inchi 6. Tofauti haifiki upana wa vidole vinne. Na kwa ajili ya vidole hivyo, pale Kidatu mzigo wa njia moja hauna budi kuhamishiwa mabehewa ya njia nyingine.

Katika Uganda mapatano ya 1900 yaligawa nchi ya Buganda kwa maili za mraba: Kabaka 350, na wakuu na watu wengine wapatao elfu moja 8,000. Hata leo ardhi hiyo huitwa mailo, na katiba ya 1995 yalitambua neno hilo. Mkulima aliyekuta maili imepita juu ya migomba yake akawa mpangaji.

Hapo ndipo kalamu ya karani inapoingia. Tanganyika ilihesabiwa kilometa chini ya Wadachi, maili chini ya Waingereza, na kilometa tena baada ya uhuru. Vibao vilibadilishwa, ndimi hazikubadilika: Kibaha pana Maili Moja, na Eldoret pana Maili Nne. Mkulima husema ekari, hati husema hekta. Na hekta ni karibu ekari mbili na nusu. Mzee atiaye kidole gumba kwenye hekta 10 akidhani ni ekari 10 ametoa zaidi ya mara mbili ya alichokusudia, na hakuna aliyemdanganya kwa neno hata moja.

Kadhalika zahanati. Kilometa 5 zilizopigwa kwa rula juu ya ramani ni kweli kwa ramani. Mama mwenye uchungu wa uzazi, na mto umejaa, atauzunguka nusu ya siku.

Kwa hiyo twaleta shauri mbele ya mkutano huu: kwamba wanachama waandike jina la kipimo kila mara baada ya tarakimu, kwamba ardhi isomwe mbele ya mwenyewe kwa hekta na kwa ekari, na kwamba penye umbali wa kwenda zahanati au shule, chini ya kilometa ziandikwe saa za kutembea, wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Bwana Mwenyekiti, twaliweka mezani, wanachama walijadili.