Maktaba Katika Zama za Mtandao
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kibaha)



Nimeombwa niseme machache juu ya maktaba na mtandao. Mimi si mkutubi. Ni mtumishi wa Serikali niliyepangiwa kazi Kisarawe, nami nilisoma hapa miaka ya 1990, wakati kitabu kimoja cha fizikia kilipokezanwa bweni zima. Basi nitasema kama msomaji.

Hapa Kibaha maktaba si jambo geni. Kituo hiki kilitokana na mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, kikakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970, na maktaba ya umma ni sehemu yake. Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Wakati ule tuliuliza vitabu vitatoka wapi. Siku hizi wapo wasemao kwamba vyote vimo mtandaoni, kwa hiyo maktaba ifungwe, au igeuzwe chumba cha kompyuta. Sikubaliani nao.

Tazameni. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada mtandaoni, na kuvisoma ni bure. Lakini kijana wa sekondari kule Maneromango haruhusiwi simu shuleni. Akirudi nyumbani simu ni ya baba, na bando limekwisha. Kitabu hicho cha bure atakisomea wapi?

Na hicho chumba cha kompyuta? Kompyuta za msaada aghalabu hutufikia zikiwa zimekwisha zeeka. Windows 7 iliachwa na watengenezaji wake Januari 2020, Windows 10 Oktoba 2025. Mashine inawaka, kioo ni safi, ila tovuti mpya zinaikataa, nayo hupelekwa stoo. (Nyingi zingewekewa Linux, ambayo hailipiwi, zingefanya kazi miaka mingine kadhaa.) Masomo mengi ya picha zinazotembea yalitengenezwa kwa Flash; kampuni ya Adobe ilipoacha kuihudumia mwisho wa 2020, yakazimika. Kitabu cha 1967, mchwa wasipokigusa, kinasomeka hadi leo.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba maktaba iyachote yaliyomo mtandaoni, iyahifadhi ndani ya kuta zake. Ipo programu iitwayo Kiwix, ya bure. Kwa hiyo, Wikipedia nzima ya Kiswahili, makala zaidi ya 70,000, inakaa katika diski moja ndogo. Kompyuta moja ikifanywa seva, nyingine zote chumbani zinasoma kutoka kwake bila bando hata la shilingi moja. Vitabu vya Taasisi navyo, kwa idhini yake, viwekwe humo. Mkutubi ndiye atakayechagua nini kichotwe na lini kibadilishwe, kama alivyokuwa akichagua vitabu vya kununua.

Liko na jambo la pili, nami nalihesabu kuwa zito zaidi. Sheria ya Huduma za Maktaba ya 1975 inawataka wachapishaji wapeleke nakala za machapisho yao kwenye Bodi. Iliandikwa enzi za karatasi. Leo tangazo la viwanja au ripoti ya mapato hutolewa tovutini, na tovuti ikisukwa upya, kurasa za zamani hupotea. Mwaka juzi nilitafuta waraka katika tovuti moja ya umma, sitaitaja. Ulikuwa na umri wa miaka mitatu tu, na haukuwepo. Mwananchi mwenye shauri la ardhi ataushika ushahidi gani? Internet Archive ya Marekani imekuwa ikihifadhi kurasa za dunia tangu 1996, lakini kumbukumbu za Kisarawe si haki tuwaachie wao peke yao. Maktaba za mikoa zingeweza kuhifadhi tovuti za halmashauri zao kila robo mwaka, na Chuo cha Ukutubi Bagamoyo kingefundisha kazi hiyo.

Ndugu Mweka Hazina, kabla hatujaenda kula: seva ndogo na diski mbili, moja ya akiba, ndivyo ninavyoomba mfuko wetu uinunulie maktaba ya shule mwaka huu. Mtu wa kuzijaza mara ya kwanza ni mimi, Jumamosi yoyote mtakayonipangia.