Kupona Kunaanza Kabla ya Kisu



Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete, akiwa na umri wa miaka 64, alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Taifa lilitangaziwa angali hospitalini, naye aliporudi aliuzungumzia ugonjwa wake mbele ya wananchi. Kwetu sisi tunaohudumia wagonjwa wa saratani hiyo, tangazo lile lilikuwa na uzito kuliko mabango yote ya ukutani: mtu mwenye heshima zake alitaja kiungo ambacho wanaume hukitaja kwa mafumbo. Lakini kilichotangazwa ni upasuaji. Yanayoufuata, ya chooni na ya chumbani, bado hatujayasema hadharani. Leo nimekuja kuyasema.

Hoja yangu ni moja. Mzee hupona vizuri zaidi akielezwa mapema, yeye na wa nyumbani kwake, mambo yatakayompata. Kumweleza ni sehemu ya tiba, wala si fadhila ya daktari aliyepata nafasi.

Tezi dume hukaa chini ya kibofu, ikiuzunguka mrija wa mkojo. Inapovimba kwa uzee tu, daktari kwa kawaida huondoa nyama ya ndani na kuacha ganda. Katika saratani huondolewa tezi nzima pamoja na vifuko vya shahawa, kisha kibofu huunganishwa upya na mrija. Ndiyo maana ushauri wa jirani aliyepasuliwa uvimbe wa kawaida humpotosha mwenye saratani. Husikia mwenzake alirudi shambani upesi, naye angali anavuja, akaamini kuwa amepasuliwa vibaya.

Upasuaji huu wa kuondoa tezi nzima uliasisiwa na Hugh Hampton Young hapo hapo Johns Hopkins, mwaka 1904. Kwa miongo mingi karibu kila aliyepasuliwa alipoteza nguvu za kiume, kwa kuwa njia ya neva zinazoziendesha haikujulikana sawasawa. Mwaka 1981 Patrick Walsh alikutana mjini Leiden, Uholanzi, na Pieter Donker, daktari mstaafu, wakazifuatilia neva hizo na kuziona zikipita pembeni, nje ya ganda la tezi. Mwaka uliofuata Walsh alianza kupasua akizihifadhi. Hata hivyo, neva iliyoguswa hupona polepole: mwaka mmoja, pengine miwili. Kwa mwenye miaka 70 matarajio ni madogo kuliko kwa wa miaka 50, hasa kama ana kisukari. Haya yasemwe kabla ya mgonjwa kutia sahihi.

Mzee hutoka hospitali na mpira wa mkojo, ambao kwa kawaida hukaa wiki moja hadi mbili ili kidonda cha ndani kishikane. Mfuko wake uning'inie chini ya usawa wa kibofu. Kwa wiki sita hivi asinyanyue ndoo wala gunia. Atembee kidogo kila siku, maana damu ya mtu anayelala muda mrefu huweza kuganda miguuni. Kigimbi kimoja kikivimba, pumzi ikimwia nzito, au mpira ukiacha kupitisha mkojo, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Mpira ukitolewa, mkojo humtoka akikohoa, akicheka, akiinuka kitini. Hilo si kosa la mtu. Sehemu ya misuli iliyozuia mkojo imeondoka na tezi, na iliyobaki haijazoea kazi hiyo peke yake. Dawa yake ni mazoezi ambayo Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani, aliyaeleza mwaka 1948 kwa ajili ya kina mama waliojifungua. Mzee hukaza misuli hiyo kama anayezuia hewa isimtoke, bila kubana pumzi wala kukaza matako, akahesabu taratibu hadi tano, akaachia, akarudia. Afundishwe kabla ya upasuaji, apumzike mpira ukiwa ndani, aendelee ukishatolewa. Wengi hupata nafuu kubwa kati ya miezi 3 na 12. Wenye umri mkubwa huchelewa. Anayevuja sana baada ya mwaka bado ana msaada, ikiwemo vali ya bandia.

Kinachoniuma zaidi ni mzee kujitenga. Huacha kwenda barazani. Hupunguza maji ya kunywa, na mkojo mzito ukazidi kumchokoza kibofu. Huacha msikiti kwa kuamini kwamba hana tohara. Ilhali fiqhi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, imempa njia: ajisafishe, ajifunge nepi safi, atawadhe wakati wa sala ukishaingia, asali bila kuchelewa, na sala yake inasihi. Daktari wa huku anapaswa kulijua hilo, na shehe anapaswa kujua kwamba mzee wake anavuja kwa sababu ya tiba.

Mke naye aelezwe. Shahawa hazitatoka tena, ingawa raha ya kilele inaweza kubaki. Mume akimkwepa, huenda ni haya. Vidonge vya kuongeza nguvu viandikwe na daktari. Mwenye kutumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua vinaweza kumuua.

Baada ya wiki sita hadi nane hupimwa damu, kipimo cha PSA. Tezi ikiwa imeondoka yote, kiwango hushuka hadi karibu kutoonekana, kisha hufuatiliwa kwa miaka. Kikianza kupanda, mionzi inaweza kusaidia. Asiye na maumivu asiache kliniki.

Wala si kila mzee lazima apasuliwe. Utafiti wa ProtecT wa Uingereza uliwagawa wanaume 1,643 wenye saratani iliyogunduliwa mapema katika upasuaji, mionzi na ufuatiliaji wa karibu. Baada ya miaka 15, takriban 97 kati ya kila 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo, katika kila kundi. Waliopasuliwa ndio waliovuja zaidi. Wagonjwa wetu wengi hufika wamechelewa, hivyo matokeo hayo hayawahusu wote. Lakini aliyewahi ana haki ya kuchagua akijua gharama ya kila njia.

Naomba basi vyuo vyetu viwafundishe madaktari na wauguzi wetu kumwandaa mgonjwa kama vinavyowafundisha kushona kidonda, na kila kliniki ya mkojo iwe na mtaalamu wa mazoezi ya nyonga. Nanyi wenye wazazi, msiishie kuuliza bei ya upasuaji. Ulizeni mwaka utakaofuata utakuwaje, na nani atakuwa na mgonjwa.