Maneno ya Kufunga Mwaka kwa Wazazi wa Watoto wa Shule za Ufundi

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, Desemba 2025

Bwana Mwenyekiti, Bibi Mwandishi, mabibi na mabwana, ndugu wanachama,

Halmashauri imetuagiza tulete mbele yenu habari za watoto wetu walio katika shule za ufundi: yaliyotokea katika mwaka huu unaokwisha, na yatupasayo kuyakumbuka kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa Januari. Twajua ya kuwa wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, wala hatupendi kuwachosha. Lakini jambo hili latugusa kwa njia mbili. Kwanza, sisi ni wazazi. Pili, sisi ni watumishi, na karatasi za watoto wa nchi hii, wa kwetu na wasio wa kwetu, hupita mikononi mwetu.

Tuanze na habari. Mwezi wa Januari 2024 mtaala mpya ulianza kutumika Tanzania Bara, nao katika shule za sekondari umefungua njia mbili: mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Mwaka ule shule 96, nyingine za Serikali na nyingine za watu binafsi, zilianza kupokea watoto wa Kidato cha Kwanza katika mkondo wa amali. Amali ni kazi za ustadi, kama ujenzi, umeme, magari, ushonaji, kilimo, na hiyo elimu ya kompyuta na mawasiliano iitwayo TEHAMA. Watoto wale wa kwanza mwaka huu wamemaliza Kidato cha Pili, na wakijaliwa uzima watafanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2027. Tena mwaka huu wa 2025 Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imezinduliwa, nayo yaagiza elimu ya lazima iwe ya miaka 10, yaani 6 ya msingi na 4 ya sekondari.

Hapo pana hesabu moja ambayo twaomba kila mzazi aitie moyoni. Watoto walioingia Darasa la Tatu mwaka 2024 walianza mtaala mpya, na kwa mpango huo watamaliza elimu ya msingi katika Darasa la Sita, mwaka 2027. Wenzao waliokuwa Darasa la Nne mwaka uo huo wamebaki na utaratibu wa zamani, nao watamaliza Darasa la Saba, mwaka 2027 vilevile. Basi Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi kwa pamoja katika mlango wa Kidato cha Kwanza. Vyumba vitasongamana, na katika karakana itakuwa zaidi, maana watoto 2 waweza kusoma kitabu kimoja, lakini hawawezi kushika patasi moja kwa wakati mmoja. Miaka 2 iliyobaki si mingi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa tuseme neno juu ya jambo linalosemwa barazani zaidi ya yote. Wako wazazi, na baadhi yao wamo katika chama hiki, wanaodhani ya kuwa ufundi ni fungu la mtoto aliyeshindwa na kalamu. Mtoto akichaguliwa shule ya ufundi hunong'ona kana kwamba wamepata msiba, na wengine hukimbilia kumtafutia nafasi kwingine. Twasema kwa upole, lakini twasema wazi: dhana hii haina msingi, wala si ya wazee wetu.

Wakati wa Wadachi, katika miaka ya 1890, shule ilifunguliwa Tanga, ikawa shule ya Serikali. Shule hiyo ilitoa makarani na waalimu, na papo hapo ilifundisha kazi za mikono, pamoja na kupiga chapa. Gazeti la Kiongozi, ambalo watu wa pwani na wa bara walilisoma miaka mingi kabla ya vita vya 1914, lilipigwa chapa katika shule hiyo. Haya, jiulizeni. Kijana apangaye herufi za risasi moja moja, akisoma maneno kinyumenyume, na akiona kosa la tahajia kabla halijafika katika karatasi, je, huyo ni karani au ni fundi? Ni vyote viwili, wala hakuna awezaye kumgawa. Na ni katika mji uo huo wa Tanga, mwaka 1922, kwamba Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali. Kalamu na ufundi vililelewa katika mji mmoja.

Baadaye, katika miaka ya 1950, zikafunguliwa shule za ufundi za Ifunda na Moshi, na vijana wake wakatawanyika katika reli, katika bandari, katika mitambo na katika majengo ya nchi. Chuo cha ufundi kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1957 ndicho kilichokuwa Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam mwaka 1997, nacho leo hutoa wahandisi. Mlango wa ufundi si mlango wa nyuma. Aliyeingia kwa mlango huo aweza kufika mbali kadiri ya bidii yake.

Wala kazi hii si nyepesi kuliko ya ofisini. Karani akikosea tarakimu, hupiga mstari akaandika upya, na mkubwa wake akatia sahihi pembeni. Fundi akikosea kipimo, mbao imekwisha kukatwa. Akikosea waya, huenda mtu akafa. Kwa hiyo mtoto wa ufundi hana budi kujua hesabu, kusoma mchoro, na kufahamu lugha ya vitabu vyake. Tena awe na subira, maana mashine haidanganyiki kwa maneno mazuri. Mzazi amwambiaye mtoto huyu kwamba yuko mahali pa walioshindwa amemvunja moyo kabla mwalimu hajaanza kazi yake.

Baada ya hayo twaleta makumbusho ya kufunga mwaka, moja baada ya jingine.

La kwanza ni ripoti. Msisome nafasi ya mtoto peke yake, kwamba amekuwa wa 5 au wa 50. Tazameni alama za karakana na za michoro, mkalinganishe na za hesabu. Mtoto aliye hodari karakanani lakini dhaifu katika hesabu atakwama akifika umeme au mitambo, na likizo hii ndiyo nafasi ya kumsaidia. Kadhalika someni barua ya kufunga shule mpaka mwisho, kwa maana tarehe ya kurudi na vitu vinavyotakiwa vimeandikwa humo.

La pili ni vyombo. Katika shule za Serikali ada ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne iliondolewa tangu mwaka 2016, lakini mahitaji ya mtoto mwenyewe ni juu ya mzazi. Mwanafunzi wa michoro ahitaji rula ya T, pembetatu mbili, moja ya nyuzi 45 na moja ya nyuzi 30 na 60, bikari iliyokaza, na penseli mbili, ngumu ya mistari ya kwanza na laini ya kumalizia. Bikari inayolegea haitoi duara, hutoa yai. Mwanafunzi wa karakana ahitaji ovaroli inayomkaa, isiyo na mikono ya kuning'inia karibu na mashine, na viatu vya kufunika vidole. Nunueni mapema, msingoje wiki ya kufungua, duka limejaa watu na bei imepanda.

La tatu ni umeme, nalo ni la uhai. Kila likizo mtoto anayesoma umeme huitwa na majirani: njoo ututazamie soketi, njoo utuungie taa. Mzazi huona fahari. Ndugu zetu, umeme wa nyumbani ni wa volti 230, nao hauulizi mtu yuko kidato gani. Tena nyumba za zamani zina waya wenye moto wa rangi nyekundu na waya wa kurudi mweusi, na nyumba mpya zina wa kahawia na wa buluu. Mtoto aliyefundishwa rangi mpya akikuta za zamani aweza kudanganyika. Kazi ya kutandaza umeme ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwanafunzi na aende naye akamshikie vyombo na kutazama, lakini asiachiwe kazi peke yake. Jirani akinuna, na anune.

La nne ni kompyuta. Wengi wa watoto hawana kompyuta nyumbani, na wazazi hudhani basi likizo imepotea. Sivyo. Kabla ya kuandika programu, mtu huandika hatua zake kwa maneno: kwanza nini, kisha nini, na ikiwa hivi basi vipi. Kazi hiyo yafanyika kwa penseli na daftari chini ya mwembe. Aliye na kompyuta naye aiweke kazi yake mahali pawili, kwa maana diski moja ikiharibika, kazi ya muhula mzima imekwenda. Na diski iliyochomekwa katika kila duka la mtaani hurudi shuleni na virusi, ikaambukiza kompyuta za wote.

La tano ni wale waliomaliza Kidato cha Nne mwaka huu. Wamekwisha kujaza chaguo zao kabla ya mtihani, lakini matokeo yakitoka hufunguliwa muda wa kuzibadilisha katika mfumo wa TAMISEMI uitwao Selform, na humo mna vyuo vya ufundi pamoja na shule za Kidato cha Tano. Msimwachie mwenye duka la intaneti amchagulie mtoto wenu maisha. Kaeni naye, msome kila chuo na kila fani, na nywila yake muiandike mahali pa salama. Muda ukifungwa, kulia hakufungui.

La sita ni mabinti. Twasikia bado ya kuwa binti akichagua ufundi wa magari au umeme huambiwa abadili, eti kazi hiyo itamchafua mikono. Mafuta ya gari huoshwa kwa sabuni. Majuto ya kunyimwa njia hayaoshwi. Mwenye kipawa na aachwe apite.

Ndugu wanachama, tumesema ya wazazi. Sasa tuseme ya watumishi. Jina lililoandikwa katika usajili wa mtihani ndilo litakalotokea katika cheti. Likitofautiana na la cheti cha kuzaliwa, mtoto atatembea ofisi kwa ofisi, akila kiapo hapa na kulipa ada pale, kwa ajili ya herufi moja. Herufi hiyo mara nyingi iliandikwa na mtu wa kazi kama yetu. Kwa hiyo twaomba kila karani ashikapo fomu ya mtoto alisome jina pamoja na mzazi wake, herufi kwa herufi, hata kama foleni ni ndefu na saa ya kufunga imekaribia. Mkulima aliyetoka mbali kwa miguu hajui kwamba “Mwanaidi” na “Mwanahidi” ni watu wawili mbele ya mashine. Sisi twajua. Ujuzi huo ni amana.

Tena isiwe kwamba mtoto wa karani hupenyezwa kwa kuwa baba yake ajulikana ofisini, na mtoto wa mvuvi akaambiwa nafasi zimekwisha. Mwaka 2028, makundi yale mawili yatakapokutana, kishawishi hiki kitakuwa kikubwa kuliko leo. Tukianza sasa kukikataa, siku hiyo haki haitakuwa ngeni kwetu. Chama hudai heshima kwa wanachama wake, nayo heshima ya mtumishi ni kwamba asiyemjua kwa jina hutendewa sawa na ndugu yake.

Mwisho, twaleta mashauri mawili mbele ya mkutano. La kwanza, chama kianzishe sanduku la vyombo: kila mwanachama aliye na bikari, rula, nyundo au mita isiyotumika ailete kwa Mwandishi, ikaandikwe katika daftari na kuazimwa kwa watoto wasio na uwezo, wakirudisha mwisho wa muhula. La pili, wanachama wetu waliostaafu kazi za reli, za ujenzi na za umeme watoe Jumamosi moja kwa mwezi kukaa na vijana, wawaonyeshe mambo ambayo hayamo katika vitabu. Mzee aliyefunga nati kwa miaka 30 huijua kwa sauti yake, na asiporithisha ujuzi huo atakwenda nao. Akiba hiyo haipasi kuzikwa.

Twawashukuru waalimu wa karakana, ambao hufundisha watoto wengi kwa vyombo vichache na hawatajwi sana katika sherehe. Yaliyo katika karatasi hii kayasomeni tena nyumbani pamoja na watoto, na mwenye shauri zuri zaidi alilete katika mkutano wa Januari.

Twawatakieni mwaka mpya wa heri na afya. Shime, tushikamane.