Kifaa Kidogo Kinapoingizwa Mtandaoni: Yampasayo Mtumiaji Kuyajua Kabla ya Kununua



Leo hatutazungumzia simu wala vifurushi. Tutazungumzia vifaa vidogo vya nyumbani ambavyo zamani vilifanya kazi kimyakimya, na sasa vinauzwa kwa sifa kwamba vimeunganishwa na mtandao: pampu, taa, kengele za mlangoni, kamera.

Tuanze na kifaa ambacho wengi wetu tunacho, nacho hakina mtandao. Ndani ya mita ya kawaida ya LUKU mna maikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyobanwa katika chipu moja, ambayo kazi yake ni kuhesabu yuniti na kukata umeme zinapokwisha. Mita hiyo haizungumzi na mtu. Ujumbe kutoka shirika la umeme huifikia kwa vidole vyako mwenyewe, tarakimu 20 kwa mara moja. Mfumo wa tarakimu hizo ulikuwa ukihesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana kabla ya siku hiyo wateja walitakiwa kuingiza tarakimu za ziada, mita kwa mita. Usumbufu ule hatuupuuzi. Hata hivyo, mita isiyofikika kwa mbali haiwezi kuzimwa na mhalifu aliyeketi ng'ambo.

Kukiunganisha kifaa kama hicho na mtandao ni kuondoa usumbufu ule na kufungua mlango huu. Hatusemi msinunue. Tunasema mjue mnanunua nini.

Chukueni mfano wa kidhibiti cha pampu ya maji. Boya likipanda, pampu inazimika, likishuka, inawaka. Chipu ya ATmega328P, ambayo mafundi na wanafunzi wengi huitumia, inaimudu kazi hiyo kwa urahisi ingawa kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2 tu. Sasa mwenye nyumba anataka kuona kiwango cha maji kwenye simu akiwa safarini. Hapo ndipo penye ugumu. Kipande kimoja cha ujumbe uliofichwa kwa kanuni za TLS, zile zile zinazolinda kurasa za benki, chaweza kufikia kilobaiti 16. Chipu ile haina pa kukiweka. Fundi hana budi kuongeza chipu ya pili ya mawasiliano, kwa mfano ESP8266 iliyoingia sokoni mwaka 2014, ambayo kwa kweli ina uwezo mkubwa kuliko ile inayoitumikia. Ama sivyo, ataituma taarifa wazi, kama maandishi ya postikadi ambayo kila tarishi aweza kuyasoma. Njia hii ya pili ni rahisi zaidi, na mnunuzi hawezi kuitambua kwa macho: taa itawaka ile ile, na programu kwenye simu itapendeza vilevile. Basi muulizeni fundi au muuzaji waziwazi kama mawasiliano ya kifaa yamefichwa. Asiyeweza kujibu, yaelekea hakulifikiria.

Swali la pili ndilo tunalolipa uzito kuliko yote: mtandao ukikatika, pampu itazimika tenki likijaa? Katika usanifu mzuri, uamuzi huo unabaki ndani ya kifaa chenyewe, na mtandao hutumika kutoa taarifa tu. Katika usanifu wa haraka, boya linatuma habari kwenye seva iliyo nchi nyingine, na seva ndiyo inayoamuru. Bando likiisha, maji yanafurika. Kulijaribu jambo hili hakuhitaji elimu ya uhandisi. Zimeni ruta mbele ya muuzaji, kisha inueni boya kwa mkono.

Wala tatizo la seva si bando peke yake. Mwaka 2016 huko Marekani, kampuni ya Nest iliizima huduma iliyoendesha kifaa kiitwacho Revolv, ambacho watu walikuwa wamekinunua kwa takriban dola 300. Vifaa havikuharibika hata kimoja. Vilikosa wa kuzungumza naye, vikawa mapambo.

Mwaka huo huo ilizuka programu hasidi iliyoitwa Mirai. Ilizunguka mtandaoni ikibisha hodi kwenye kamera, vinasa video na ruta, ikijaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani, sitini na kitu hivi. Waliokuwa hawajazibadili wakaingiliwa bila kujua. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo la vifaa vya majumbani lilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi kwa saa kadhaa. Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, imepiga marufuku kuuza vifaa vya aina hii vikiwa na nywila moja kwa wote, na inamtaka mtengenezaji atangaze atavipatia marekebisho ya usalama kwa muda gani. Ninyi nanyi mwaweza kuuliza swali hilo hapa dukani. Halina gharama.

Kuna jambo linalowagusa majirani pia. Vifaa vingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, nayo hayana shida kubwa. Lakini baadhi ya vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani hurusha mawimbi kati ya megahezi 902 na 928, na sehemu ya masafa hayo ndiyo ambayo minara ya simu za GSM 900 huyatumia kuzisikiliza simu zetu. Kifaa kilicholetwa kwenye begi kama zawadi chaweza kuwavurugia mawasiliano watu wasiokijua. Uidhinishaji wa vifaa unaotakiwa kisheria upo kwa sababu kama hizo, kwa hiyo ulizieni kabla ya kulipa.

Kifaa kikiwa na laini ya simu ndani, hakikisheni mnajua laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani, na nani atalipia salio lake. Ulizeni pia kinatumia kizazi gani cha mtandao. Vile vya bei nafuu mara nyingi hutegemea kizazi cha pili peke yake, na ziko nchi, kama Singapore mwaka 2017, zilizokwisha kukizima.

Mwenye kifaa tayari nyumbani abadili nywila leo hii, na ahifadhi risiti pamoja na boksi lenye namba ya toleo. Malalamiko huanzia kwa muuzaji au mtoa huduma, kwa maandishi. Asiporidhika, ndipo atuletee sisi akiwa na nakala ya barua hiyo. Walioleta vifaa vyao, wataalamu wetu wa masafa wako tayari kuviangalia mara baada ya maswali.