Pumzi Kabla ya Maneno: Yoga na Tiba ya Mazungumzo kwa Walionusurika katika Ukanda wa Dhahabu



Mnamo Novemba 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wanaume watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wameishi kwa mizizi, mende na vyura, ilhali mwenzao mmoja alikwisha kufariki humo humo. Na Januari 2017, huko Nyarugusu mkoani Geita, wengine 15 waliofungiwa na kifusi wakaokolewa baada ya siku tatu. Umma ulimshukuru Mwenyezi Mungu, na ilistahili. Walakini mtu aliyenusurika duarani, yaani katika shimo la machimbo, aghalabu hushtuka karasha la kusagia mawe liungurumapo, hawezi kulala mlango ukiwa umefungwa, na mkewe akimwuliza ana nini hujibu kuwa hana neno.

Nisemalo leo ni kwamba kumketisha mtu wa namna hiyo na kumtaka asimulie yaliyomsibu, hali moyo wamwenda mbio na kifua kimembana kana kwamba kifusi kingali juu yake, ni kumdai asichoweza kulipa. Na kwamba pumzi na viungo vikitangulia kutulizwa, maneno huja kwa wasaa wake.

Ushahidi upo, japo yafaa tuupime kwa insafu. Mwaka 2014 tabibu Bessel van der Kolk na wenzake wa Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya utafiti juu ya wanawake 64 ambao miaka isiyopungua mitatu ya tiba haikuwa imewaondolea kiwewe: nusu yao walifanya yoga saa moja kwa juma, kwa majuma kumi, na wengine wakapewa mafunzo ya siha. Mwishoni, asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakutimiza tena vigezo vya maradhi yale kwa kipimo cha matabibu, na wale wengine ni asilimia 21. Wanawake hao hawakuacha mazungumzo na matabibu wao. Yoga iliongezwa juu yake, na anayewauzia watu yoga peke yake kuwa ndiyo dawa, huyo ni mchuuzi.

Mintarafu ya mazungumzo yenyewe, Afrika Mashariki haina haja ya kuazima mbali. Katika kambi za wakimbizi za Uganda, mwanasaikolojia Frank Neuner na wenzake walitumia njia ambayo mtu hutandaza kamba kuwa ndiyo aushi yake, akaweka ua penye furaha na jiwe penye msiba, kisha akasimulia tangu kuzaliwa hadi leo. Na huko Nakivale walioiendesha tiba hiyo walikuwa wakimbizi wenyewe waliofunzwa. Kadhalika Moshi na Bungoma, watoto yatima 640 waliingizwa katika utafiti ambamo makundi ya tiba yaliongozwa na watu wasio matabibu. Kwetu, ambako mgonjwa wa nafsi hupelekwa hospitali ya Bugando au Mirembe akiwa amekwisha kuharibikiwa kabisa, jambo hili ni la kushikwa kwa mikono miwili.

Sasa nifike penye uzito. Yoga ya kawaida humaliza kwa mtu kulala chali, macho yamefumbwa, taa zimezimwa, na mkao huo huitwa kwa jina la maiti. Mfanyishe hivyo aliyefukiwa, nawe umemrudisha shimoni kwa mkono wako! Kwa hiyo afanye ameketi au amesimama, macho wazi, mlango wazi, nje ikiwezekana. Asizuiwe pumzi hata kidogo. Asiguswe pasipo idhini. Wala asiamrishwe, bali akaribishwe, maadam aliyenyang'anywa hiari na ardhi yenyewe anahitaji kwanza kurudishiwa hiari. Fauka ya hayo, vumbi la mawe huharibu mapafu na kifua kikuu kimezagaa machimboni, basi apimwe kwanza, tusije tukaita hofu kile kilicho maradhi ya kifua.

Mbali na wachimbaji, wako pia watoto wenye ualbino waliokusanywa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, baada ya mauaji ya watu kama wao yaliyoitia aibu Kanda ya Ziwa tangu mwaka 2007. Kwao mazoezi ni kivulini au alasiri, na mwalimu aeleze kwa sauti kila kiungo kinavyokwenda, kwa kuwa wengi wao huona kwa shida.

Itasemwa kuwa yoga ni ibada ya Kihindi. Asili yake ni huko, sikatai. Lakini hata Saudi Arabia iliikubali mwaka 2017 kuwa mchezo wa viungo. Atakayeona karaha tusimshurutishe: Wasukuma wana bugobogobo, ngoma ya majembe, ambamo kundi zima huinama na kuinuka kwa pigo moja, na sioni kwa nini mchimbaji wa Msalala ahitaji mkeka kutoka Mumbai ili akumbuke kuvuta pumzi pamoja na wenzake.

Limebaki suala la riziki. Mchimbaji mdogo aghalabu halipwi mshahara, hupata mgawo wa mawe, na siku asiyoshuka hana fungu. Napendekeza vikao vifanyike jioni, karibu na mialo ya kuoshea dhahabu, nusu saa ya viungo na pumzi kisha saa moja ya mazungumzo ya watu wasiozidi wanane, na wenye maduara wakubali kwa maandishi kwamba atakayehudhuria hapunguziwi mgawo wake.